Njugu za mfuko wa ovaroli: nilivyomuumiza binti yangu

Wakuu, hamjambo. Hii siongezi chumvi, maana ni ya nyumbani kwangu.

Mimi ni fundi wa betri za magari hapa Kitale. Napasua zilizokufa, natoa pleti, nayeyusha ile lead ya ndani, yaani madini ya risasi. Familia iko Bungoma, upande wa Bokoli, naenda kila Jumamosi.

Nilikuwa nafika na njugu karanga kwenye mfuko wa ovaroli ya kazi, hivi hivi bila karatasi. Binti yangu Nekesa ananikimbilia, anaingiza mkono mfukoni, anakula hapo hapo. Nilijiona baba wa maana sana.

Alipofika gredi ya tatu, mwalimu akaanza kuniita. Ati mtoto hatulii. Neno alilosoma leo, kesho halijui.

Na hakuwa mgonjwa, wakuu. Anakula, anacheza, anacheka. Nikaamua ni utundu.

Nikamchapa. Si mara moja.

Mwezi uliopita daktari fulani alileta betri yake, akanikuta nakula mandazi na mikono imejaa vumbi la kijivu.

"Fundi, uko na watoto?"

Nikamwambia kuhusu Nekesa, mpaka zile njugu, tena kwa kujisifu. Akaigusa ovaroli yangu, akanionyesha kidole chake kilivyochafuka. "Hili vumbi la lead ni sumu, na anakula nalo kwenye njugu. Mlete apimwe damu."

Majibu yakarudi: lead iko, lakini si nyingi. Nikashusha pumzi.

"Si basi ni kidogo tu, daktari?"

"Kwa ubongo wa mtoto hata hiyo kidogo inaumiza, bana. Siwezi kuapa shida yote ya shule imetoka hapo. Tutazuia isiongezeke. Iliyoharibika, siwezi kukuahidi itarudi."

Nililia kwenye korido kama mtu aliyefiwa. Miaka yote hiyo sumu nilikuwa naibeba mimi, halafu namchapa yeye.

Siku hizi ovaroli haitoki karakana. Naoga, nabadilisha nguo na viatu, ndio nasafiri. Mafundi wenzangu, fanyeni hivyo, na watoto wapimwe hata kama wanaonekana wazima.

Jumamosi iliyopita Nekesa alinikimbilia kama kawaida. Akapapasa mifuko ya shati, hakuna kitu.

"Baba, umesahau njugu?"

Nikasema ndio, nimesahau.

Akanishika mkono. "Pole baba. Mimi siwezi kukuchapa kwa kusahau."

Wakuu, kama kuna mzazi hapa amepitia hii, anisaidie. Mtoto wa miaka tisa unamwomba msamaha aje?