Amri ya Nne ya Mwalimu Eveline

Darasa la kipaimara la Mwalimu Eveline, pale Ilomba, huanza Jumamosi saa tatu asubuhi, na anayefika saa tatu na dakika mbili hubaki nje na baridi yake. Kwa miaka kumi na tisa amewafundisha vijana wa usharika wake Katekisimu. Waliopita mikononi mwake wengine leo ni wazazi, lakini wakikutana naye sokoni bado wanachomekea mashati haraka haraka.

Somo lake kubwa ni amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Siku hiyo hafungui kitabu. Huvuta kitenge mabegani akawasimulia habari za mdogo wake, Kasian.

Kasian alizaliwa Kilolo kama yeye. Akiwa na miaka kumi na saba, wiki tatu tu kabla ya kubarikiwa, alitaka kwenda kuchimba dhahabu. Baba yao, mzee Yohane, alimkataza mara mbili, akamwambia amalize kipaimara kwanza. Kijana hakusikia. Alitoroka na vijana wengine hadi machimbo ya Makongolosi, na mwaka haukuisha kabla shimo halijaporomoka na kumvunja mguu. Hadi leo anatembea kwa gongo. Hapo Mwalimu hunyamaza kidogo, ili mguu ule uwaingie vijana vizuri, kisha huwauliza kama wameona malipo ya kuasi. Vijana huinamisha vichwa. Tuseme ukweli, ni somo tamu kulifundisha, hasa kama mguu si wako.

Mwaka huu, mwezi wa sita, alikuwa amefika penye kunyamaza pale binti mmoja anayeitwa Goodness aliponyoosha mkono. Ni mtoto mpole, si wa ubishi.

"Mwalimu, huyo mdogo wako hakuwahi kuomba kurudi nyumbani?"

Kasian aliomba. Aliandika barua, na barua ilifika kabla mguu haujavunjika. Miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa akiiruka barua ile katika masimulizi yake, kama mtu anavyoruka dimbwi la njia yake ya kila siku bila hata kutazama chini. Aliwaambia watoto waende nyumbani, ingawa muda ulikuwa bado. Wakatoka wakitazamana.

Barua ile ililetwa Kilolo na dereva wa lori la mbao. Ilikuwa na mistari minne: Kasian amechoka, amekosa, anaomba kurudi. Mzee Yohane alikuwa na mtoto wa jicho, hasomi wala haandiki tena, kwa hiyo alimwita Eveline amwandikie jibu. Wakati huo Eveline alikuwa na miaka ishirini na miwili, katibu wa vijana kanisani, mtu mwenye uhakika na kila kitu. Mzee alisema kwa Kihehe maneno machache tu: mwambie aje, hata leo.

Eveline alishika kalamu. Lakini moyoni bado alikuwa na aibu ya siku ile wenzake Kasian walipobarikiwa, nafasi yake ikabaki wazi mbele ya usharika mzima. Na utaratibu aliujua. Aliyeanguka hutengwa, na kabla ya kupokelewa tena husimama mbele ya watu siku ya Jumapili, anatubu, ndipo anarudi kundini. Basi akaandika kwamba baba anasema Kasian asikanyage nyumbani kwake mpaka kwanza asimame mbele ya usharika. Akafunga bahasha, akampa dereva. Aliona amefanya kazi ya Mungu.

Jibu halikuja. Miezi miwili baadaye zikaja habari za shimo. Mzee aliendelea kuuliza kila lori lilipopita kama kijana amejibu, na alianza kujilaumu kwamba huenda alimkataza kwa ukali mno. Eveline alisikia, akakaa kimya. Baada ya miaka mitano mzee akafa, wakamzika. Kasian alifika msibani na gongo lake, akasimama kaburini mpaka mwisho, lakini ndani ya nyumba hakuingia hata kunywa maji. Watu walisema ana kiburi, na Eveline naye alisema.

Sasa, akiwa jikoni kwake Ilomba, maharage yakiungua bila yeye kusikia harufu, ndipo alipoelewa. Kasian aliambiwa asikanyage nyumba ya baba yake, na hakuikanyaga. Alikuwa anatii. Aliyeivunja amri ya nne siku ile ni yule aliyetumwa kuandika neno la baba akaandika la kwake, kisha akapewa darasa alifundishe. Alilia, na kilio hakikumsaidia kitu.

Akachukua simu. Huwa wanapigiana Krismasi na kwenye misiba, kwa hiyo Kasian alipopokea alisema, "Kamwene, dada. Nani amefariki?" Nyuma yake karasha za kusagia mawe zilikuwa zikipiga kelele.

"Hakuna aliyefariki. Ni ile barua, Kasian. Baba hakusema vile. Alisema uje, hata siku ileile. Yale mengine niliyaandika mimi."

Eveline alisikia gongo likigonga mawe, likienda, mpaka kelele za karasha zikabaki mbali. Akaomba msamaha. Akaomba tena. Mdogo wake alikuwa kama hasikii neno hilo.

"Kwa hiyo baba aliniita," alisema mwishowe.

"Alikuita."

"Na amekufa akijua nilikataa kuja."

"Ndiyo," alisema Eveline.