Mshale Uliopandisha Maji Mlimani

Nakumbuka asubuhi moja katika miaka ya tisini, mwanangu, nimekaa mbele ya kompyuta kwenye ofisi ya mradi wa maji pale Nunguni, nimechanganyikiwa hadi chai imepoa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na nilikuwa mtu wa kufikiria jambo mpaka jambo lenyewe linachoka.

Nilipewa kazi ya kuhamisha mchoro wa mradi mzima, chemchemi, matangi, mabomba na mishale inayoviunganisha, kutoka programu ya zamani hadi programu mpya. Jioni hiyo vifaa vingeagizwa kwa kufuata mchoro huo, na watu wa vijiji vya chini walikuwa wamengoja maji miaka mingi. Kila tangi lilifika kwenye programu mpya na jina lake. Kila bomba lilifika. Lakini nilipoiambia mashine ipige hesabu, maji yalitoka vijijini yakapanda mlima.

Nikashuku disketi. Nikashuku umeme. Nikaishuku hata shahada yangu. Mwishowe nikatia pampu kubwa kwenye chemchemi, iyasukume maji yashuke, na hesabu zikakubali. Nikatulia kidogo, ule utulivu wa mtu aliyefunika chungu kinachoungua.

Mhandisi Mutheu, mama aliyetusimamia, akaingia akitoka mjini Malili, akainamia skrini.

"Mutua, tangu lini maji ya mlimani yakasukumwa ndiyo yateremke?"

Nikajitetea kwa maneno mengi. Akataka nimwambie mshale kati ya chemchemi na tangi unamaanisha nini. Nikasema, madam, mshale ni mshale.

"Mkamba mzima, mjukuu wa wapiga mishale, na hujui mshale unaelekea wapi?"

Alicheka, kisha akanieleza polepole. Kwenye programu ya zamani mshale ulisema: huyu anampa yule. Kwenye mpya ulisema: huyu anamtegemea yule. Kwa hiyo mashine ilidhani chemchemi ndiyo inayosubiri maji ya tangi. Nilihamisha alama, maana yake nikaiacha nyuma. Tukaigeuza mishale yote, tukafuta pampu, agizo likaondoka salama. Lakini mimi nilizidi kuchanganyikiwa. Kama mshale umenihadaa, je, vingine?

"Nitajuaje, madam?"

"Hutajua. Utauliza."

Mwanangu, asiyejua maana haambiwi maana, lakini anayeuliza huambiwa. Ukihamisha kazi ya mwenzako, usiridhike kwamba kila kitu kimefika. Uliza kila alama ilisema nini kule ilikotoka, na inasema nini inakofika. Jibu likikushangaza, usilitafutie dawa kabla hujalielewa. Mungu akujalie watu wa kuwauliza, na akuondolee aibu ya kuuliza.