Simu Iliyosinzia Mkononi Mwangu

Ninaikumbuka asubuhi ile, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Mimi shangazi yako nilikuwa kwenye yadi ya makontena, Changamwe, kazi yangu kuwachunga walio chini ya winchi. Baba yako alikuwa mmoja wao. Nikiona hatari nabonyeza simu ya kazi, ya dereva wa winchi inalia kule juu, naye anasimamisha.

Kampuni ilikuwa imejijengea mnara wake yenyewe wa mtandao, na wakubwa wakausifu mpaka masikio yakachoka. Lakini simu walitupa za bei rahisi, moja kwa zamu mbili. Ili zisizimike, msimamizi akaamuru zote ziwekwe kwenye hali ya kubana chaji. Simu ya namna hiyo isipoguswa husinzia. Ukiibonyeza, mpaka iamke kwanza, iutafute mnara, ndipo ipeleke neno. Na ya dereva nayo imelala vilevile. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu uliokwenda ulikuwa wa baba yako.

Nilibonyeza. Wallahi, kontena lilipoanza kuyumba tu, nilibonyeza. Simu ya dereva ililia kontena lishatua.

"Dada, ulikuwa ukitazama wapi?" Ndilo neno aliloniambia baba yako hospitalini.

Akaja fundi wa mtandao, akasimama chini ya mnara na simu yake mpya, akabonyeza, ikaitika papo hapo. Akasema, "Mtandao hauna kosa. Mama huyu alichelewa." Nikafukuzwa. Baadaye simu zote zikabadilishwa kimyakimya, wala hakuna aliyefika kwangu Mjambere kuniomba radhi. Baba yako alikufa hajaonja tena chakula changu. Linaniuma hadi leo, na sioni haya kulisema.

Sasa Jumatatu wewe unaanza ufundi wa mtandao palepale. Sikukatazi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ila wakikuonyesha mnara, waombe simu, ile iliyochakaa ya mtu wa chini, iliyosinzia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Pima tangu kidole kinachobonyeza hadi sikio linalosikia. Ukiona inachelewa, sema, hata wakikununia. Na kabla hujamlaumu mtu, itazame kwanza simu aliyopewa.

Mungu akutie nuru machoni, ailinde miguu yako, na akuepushe na siku ya kuulizwa na nduguyo ulikuwa ukitazama wapi.