Uji wa Mama Usio na Chumvi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kaa la moto kwa jirani, huko kwetu Miteja, nilijua jambo moja kwa hakika: chakula kisicho na chumvi ni cha majini na mizimu. Bibi, mama yake baba, alipopika sadaka ya kupeleka mzimuni hakutia hata chembe.

Basi mama akavimba. Asubuhi uso, jioni miguu, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Baba akampeleka zahanati, enzi hizo za Mwingereza, kwa dresa mmoja, tabibu mzee asiyependa maneno mengi.

"Figo zimechoka," alisema. "Chumvi asionje. Wala samaki wa ng'onda."

Mama alikuwa mchemsha chumvi kila kiangazi, akipika maji ya bahari mpaka ibaki chumvi tupu. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alitii. Uvimbe ukaanza kushuka, ila kula kukamshinda. Mafunda mawili ya uji, bakuli anasukuma kando.

Bibi alimtazama, machozi yakamlengalenga. "Ndo washaanza kumlisha chakula chao hivyo. Akikizoea, watamchukua."

Hakunituma nifanye lolote. Ujinga ule ni wangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyempelekea mama uji, na kila asubuhi nilipitia kwenye kifuu cha chumvi, nikachota kwa vidole vitatu, nikakoroga. Siku ya kwanza mama alionja, akanitazama kitambo.

"Nani kapika?"

"Bibi."

"Haya. Usimwambie baba yako."

Akanywa wote, akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakilamba. Siku zile alirudi kunitania, eti nina miguu ya korongo, nani atanioa. Nilifurahi mno. Kisha uvimbe ukarudi kwa nguvu, macho yakazibika, pumzi ikawa ya kuvuta. Tulimzika korosho zikiwa bado maua. Bibi alisema majini wameshinda, nami nikalia nikiamini chumvi yangu ilikuwa haba.

Nilikuwa tayari mtu mzima mwenye watoto, siku moja niko hospitali Lindi, nilipomsikia muuguzi akiwaeleza wagonjwa wa figo jinsi chumvi inavyowavimbisha na kuwaua. Nilikaa chini sakafuni.

Mimi sikujua, na Mungu ananielewa. Lakini mama alijua. Mchemsha chumvi hakosi kuitambua chumvi. Alijua mkono ulioitia, akanificha, akaenda na siri yangu kaburini. Uji wangu mpaka leo nanywa bila chumvi, na kila funda linanionyesha alikuwa na njaa kiasi gani.