Sombe Isiyotwangwa

Wengine huona njaa upesi. Mimi huona aibu. Ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo Jumapili ile niliposhuka kwenye baiskeli katikati ya mwinuko wa kutokea Masaka na kuanza kuisukuma, nilijua nitaikumbuka siku hiyo mpaka nizeeke.

Kusukuma baiskeli si ajabu hapa Kigali. Wenye mikungu ya ndizi husukuma, wenye magunia ya viazi husukuma, na hakuna anayewageukia. Lakini wao huwa wamevaa suruali. Mimi, mama mtu mzima, mhasibu wa watu, nilikuwa nimevaa kaptula ya kubana, ile yenye sponji matakoni, na watu walikuwa wanatoka kanisani. Kina mama wenye mishanana, yale mavazi ya heshima ya kufunga begani, walinitazama mapaja, kisha wakatazama pembeni kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniua. Wangecheka, ningecheka nao.

Wenzangu wa kazini niliotoka nao kuendesha walikuwa wananisubiri juu, wamekwisha kunywa maji na kupumzika. Binti anayetuongoza, aliyewahi kushindana mbio za baiskeli, alinivuta kando.

"Dada, pumzi unayo," akaniambia. "Miguu na nyonga ndizo hazina nguvu. Na nguvu hiyo huipati kwa kuendesha tu. Nyanyua vitu vizito."

Alinielekeza ukumbi wa mazoezi. Nilifika mlangoni nikaona vioo kila ukuta na vijana wamejaa, nikageuza kama mtu aliyekosea nyumba. Nikaamua kufanyia nyumbani kwangu Busanza, ghorofa ya tatu, ninakoishi peke yangu. Vyuma sikuwa navyo. Nilijaza maji jerikani mbili, nikavuta pazia.

Kila jioni nilisimama katikati ya jerikani zile, nikainama kwa nyonga huku mgongo umenyooka, nikashika vishikio, nikanyanyuka, kisha nikazishusha. Nikipumzika, napanda stuli kwa mguu mmoja na kushuka, halafu narudia jerikani mpaka mapaja yawake moto. Nilitaka kitu kimoja tu: kufika juu ya mwinuko ule nikiwa nimekaa kwenye tandiko. Na nilitaka mtu yeyote asijue kwamba ninahangaikia jambo hilo.

Nilisahau kwamba jerikani ya maji ina sauti. Kila ikitua, du. Tena, du.

Jioni moja hodi ikabishwa. Nilijifunga kanga haraka, nikafungua. Alikuwa mama wa ghorofa ya chini yangu, Mwislamu, mtu mzima sana, aliyehamishiwa hapa kutoka mitaa ya zamani ya mjini. Tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi, basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alihema kidogo; goti lake ni bovu. Nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi kwa kelele, lakini akaniwahi. "Mwanangu, wewe iko natwanga sombe kila magharibi. Mimi nasikia. Lakini sahani haijashuka kwangu, hata moja!"

Alisema kwa utani, ila utani wa aina hiyo una ukweli ndani yake. Mtu anayetwanga majani ya muhogo kila siku na asimwonjeshe jirani, huyo ni mtu gani? Ningeweza kumwambia palepale. Lakini nikafikiria nitaanzaje: mama, si kinu, ni mimi, nanyanyua jerikani za maji ili mapaja yapate nguvu. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Nisamehe mama, nilighafilika. Kesho nakuletea."

Kesho yake nilinunua sombe iliyosagwa sokoni, nikaipika na karanga, nikamshushia. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiombea dua mikono yangu iliyotwanga. Nilipanda ngazi masikio yanawaka. Jioni hiyo nikatandika godoro la wageni sakafuni, jerikani zikawa zinatua kimya. Nilijiona mjanja. Uongo umekwisha, na wa kuniuliza hayupo.

Siku chache zikapita. Jioni moja nikasikia tena hodi, nikadhani ni kijana wa maji ya kunywa, nikafungua nilivyo, na kaptula yangu ya kubana.

Alikuwa yule mama wa chini, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mwingine umebeba chupa ya chai.

"Yoo, mwanangu! Iko mgonjwa? Sijasikia wewe natwanga. Nikasema, huyu ameanguka ndani, na hana mtu."

Kisha akaona. Macho yake yalipita kwenye mapaja, yakaenda kwenye godoro, yakaishia kwenye jerikani. Nilimkaribisha stuli, na nikamweleza yote nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu: mwinuko, kina mama wa kanisani, nguvu za nyonga. Nilimweleza habari za magoti yangu mazima mtu aliyepanda ngazi kwa goti bovu kuniletea chai.

"Na ile sombe?"

"Niliinunua, mama."

"Basi hakuna mtu anatwanga," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni aliyemsubiri haji tena.

Akaniambia kwamba uani kwao kwa zamani, jua likizama, lazima kinu kilie kwa mtu, na anayesikia anajua yuko na watu. Hapa kila mlango umefungwa. Aliponisikia mimi, alihamisha kiti chake akakiweka chini ya sauti ile. "Nikasema, sasa hapa iko watu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa ghorofani. Ingenimeza, ningeangukia sebuleni kwake. Nililia, na sikujali tena nilichovaa.

Aliponyanyuka kwenda, alisimama mlangoni akaonyesha kwa kidole. "Toa hii godoro."

"Lakini mama, sasa unajua ni maji tu."

"Najua. Toa."

Mwinuko ule siku hizi naupanda nikiwa nimekaa, na aibu ya kaptula imepungua. Ile ya sombe haijapungua. Kila magharibi nasimama katikati ya jerikani zangu kwenye sakafu tupu, nasubiri. Nikisikia kiti kinaburuzwa chini, ndipo nainama na kushika vishikio.