Mbeleko Ndani ya Begi la Kizito

Watu wa New Congo, pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walimwogopa Apolline kwa mdomo wake kuliko walivyompenda kwa ndagala zake, dagaa wa kukausha alizouza, na ndagala zake zilikuwa safi, kavu, bila mchanga. Alitoka Fizi, Kongo, zamani na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akafika huku na mtoto tu. Sufuria aliitupa njiani. Basi mtu akianza kumpa hadithi za safari, Apolline humtazama juu mpaka chini, halafu huendelea kupanga samaki wake.

Sasa huyo mtu akawa Kizito, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea mwenyewe kwa ndagala hizo hizo. Kizito alikuwa akifundisha vijana kompyuta karibu na Base Camp, kitovu cha kambi, na huko kwenye kompyuta ndiko akakutana na chama cha watembeaji wa Ulaya. Wakamchagua atembee nao. Miezi mitatu, kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa miguu, begi mgongoni.

"Kwa miguu," Apolline akarudia. "Na hakuna mwenye anabafukuza?"

"Hapana, shangazi. Ni kutembea tu."

"Haya! Sie tulitembea, batu bakatuita wakimbizi. Weye unatembea, banakulipia ndege."

Lakini kilichomchefua hasa ni ule ufungashaji. Kizito alikuwa ametazama video mpaka macho mekundu, akajifunza kwamba msafiri wa kweli habebi kitu. Akanunua mzani mdogo wa kuning'iniza, akaufunga kwenye boriti ya sebule, kila asubuhi anapima begi kama mama anayepima mtoto kliniki. Alikata lebo za mashati. Alitoa kamba kwenye kofia. Soksi alizijadili peke yake nusu siku nzima.

"Shati mbili zinatosha, shangazi. Moja mwilini, ingine mu begi. Hiyo ndiyo akili ya kusafiri."

"Mie nilitoka Fizi na gauni moja, na sikuona muzungu mwenye alinipigia makofi," akajibu Apolline.

Kisha majirani wakaanza kuja. Nakivale, mtu akienda ng'ambo, yeye ndiye posta ya kijiji. Hilo halina mjadala. Pascaline akaleta sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa, kwa ajili ya dada yake. Mihigo akaleta unga wa muhogo uliofungwa vizuri kwenye nailoni tatu. Kizito akasimama mlangoni, mikono kifuani, akawarudisha wote na mizigo yao.

"Bapeleke fasi ingine. Siko lori."

Apolline aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Pascaline aliondoka na sombe yake bila kuaga, na Pascaline ndiye aliyemnyonyesha Kizito huyo huyo wiki ile mama yake alipokuwa mahututi. Ptuh! Mtoto umemlea, kumbe ulikuwa unafuga mzani.

Hata hivyo Apolline naye alikuwa na mzigo wake. Binti yake Élyse, yule wa mgongoni, sasa yuko Ubelgiji, mimba ya kwanza, na mji wake uko kwenye njia ya watembeaji hao. Kwao Apolline, mtoto wa kwanza hufungwa mgongoni kwa mbeleko ile ile iliyombeba mama yake, na lazima iletwe na mkono wa damu. Kuituma kwa posta ni sawa na kuitupa. Mama yake alimletea yeye kwa mkono, akivuka mito. Apolline hakuwa na njia ya kwenda. Damu pekee iliyokuwa inaelekea kule ilikuwa hii yenye mzani.

Akakitoa kitenge cha mbeleko, kimepauka, laini kwa kufuliwa, akakiweka mezani. Kizito hakukigusa kwa mkono. Alikitundika kwenye mzani.

"Shangazi, hii ni uzito wa shati mbili. Nitaipiga picha, nitamuonyesha Élyse mu simu."

Apolline alikikunja kitenge bila tusi hata moja. Waliomjua walijua kwamba akitukana, uko salama.

Siku ya safari akamsindikiza mpaka Mbarara, kama shangazi yeyote, na kitenge amekizungusha kiunoni chini ya nguo. Hapo Mbarara, kwenye stendi ya mabasi yaendayo Kampala, Kizito akamwachia begi aende chooni. Lo, mtu aliyekataa kuwa posta kamwachia mwenye barua!

Kukitumbukiza kitenge tu kusingefaa. Mzani ulikuwa unaning'inia palepale kwenye mkanda, na Kizito angepima tena kabla ya kupanda. Ugonjwa wake ulikuwa umefika huko. Ilibidi kitu kitoke, uzito kwa uzito. Apolline amepima ndagala kwa kiganja maisha yake yote, hajawahi kuhitaji mzani. Akapapasa haraka, akashika kifuko cha njano kisichoingiza maji. Alikuwa amemwona akitia humo poda ya miguu na bandeji. Poda! Mwanaume mzima, miguu inapakwa poda kama kitoto kilichotoka kuogeshwa! Akakipimia mkononi, kitenge mkono wa pili. Sawasawa. Akabadilisha, akafunga zipu.

Kizito akarudi, akapima, akatabasamu. "Unaona, shangazi? Nyepesi."

"Naona," akasema Apolline, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akamkumbatia kwa roho safi.

Basi lilipoondoka, akaenda sokoni kuulizia bei za ndagala, na zaidi ya saa nzima baadaye akakaa kwenye benchi, akafungua kifuko ili aicheke ile poda vizuri. Poda ilikuwamo. Bandeji zilikuwamo. Chini yake kulikuwa na kijitabu, na ndani ya kijitabu picha ya Kizito, macho yametoka kwa woga wa kamera. Hati ya kusafiria. Aliifunga hapo isiloe mvua, mjinga yule, mwenye akili yule.

Apolline akaruka kutoka kwenye benchi. Aliwaza vitu viwili kwa mpigo: bila kijitabu hiki, Kizito hapandi ndege. Na Kizito asipopanda ndege, mbeleko haifiki popote. Akapiga simu.

"Shangazi, umesahau tusi gani?" Kizito alikuwa anacheka. "Tuko karibu kufika Lyantonde, begi iko vilevile."

"Kizito, nimeiba kitabu chako."

Kicheko kikakatika. Apolline akamweleza yote, bila kupamba, hata ile poda.

"Shuka Lyantonde," akasema. "Ndege ni kesho, tutaiwahi. Shuka na begi, ungoje. Nakuja."

Alipanda gari la kwanza lililokuwa linaelekea Masaka kupitia Lyantonde. Njia nzima alikuwa anajitukana kwa matusi aliyowahi kumpa kila mtu mwingine, na hakuna hata moja lililozidi kipimo. Atakitupa kile kitenge, aliwaza. Atakitoa na kukitupa mtaroni, na nitamwambia nini Élyse? Nitamwambia nilikiweka mwenyewe mkononi mwa hasira.

Lyantonde, Kizito alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya vibanda vya nyama, begi wazi, mbeleko magotini. Hakusimama. Akanyoosha mkono, akapokea kifuko, akatazama kijitabu, akakitia mfuko wa shati. Poda na bandeji akamrudishia shangazi yake. Halafu akakunja mbeleko taratibu, pembe juu ya pembe, akaiweka chini kabisa ya begi, akafunga zipu.

"Miguu itakuuma," Apolline akasema.

"Acha iume."

Apolline akatafuta tusi la kumuaga nalo njiani, kama desturi yake. Alifungua mdomo. Kizito akangoja. Basi likaja, likaondoka naye, na Apolline akabaki pale barabarani na poda mkononi, mdomo bado wazi.