Gari Lililokaa Juu ya Mawe

Mdogo wangu alifika kwangu, mtaa wa Kikuyu, asubuhi kabla sijamaliza uji, akaniambia nivae viatu. Nilikuwa nimechoka. Wiki ile tulikuwa tumetoka kuzika, na mzee wa kanisa kama mimi husimama makaburini hata magoti yakikataa. Nilivaa. Namshukuru Mungu kwamba bado ninaye mdogo wa kunisumbua.

Alitaka nikaone gari. Si la kubebea mizigo wala la kumpeleka mke hospitali. Ni gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, viti viwili, mali ya mama mmoja mjane wa mtaa wa nyuma yetu. Mdogo wangu alipokuwa karani kijana, ofisi yao nzima ikienda kazini kwa miguu, alikuwa akiliona likipita na marehemu mume wa mama huyo akiliendesha. Hakulisahau. Sasa amestaafu. Ili alipate, ingebidi auze shamba la zabibu la Hombolo, ambalo mkewe amelilea kwa mikono yake tangu mizabibu ikiwa vijiti. Mkewe hakukataa. Alisema tu, "Kamwulize kaka yako."

Njiani habari ilikuwa kilomita. Gari la umri ule, mita yake inasoma elfu thelathini na mbili tu. Teksi ya mjini inazimaliza hizo kabla haijazoeleka. "Kaka, lile bado mwali," alisema. Nikamwomba asiseme hivyo mbele ya mjane.

Lilikuwa bandani nyuma ya nyumba, limepandishwa juu ya mawe na kufunikwa turubai. Mama alitukaribisha, akatutolea vigoda. Turubai lilipovutwa, vumbi lilituingia kooni. Nisiseme uongo, lilikuwa zuri.

Lakini mimi nimelea pikapu chakavu miaka mingi, nikipeleka watumishi wa kanisa vijijini mpaka Mlali, na najua kwamba gari linalotembea hukuonyesha ugonjwa wake, lililolala huuficha. Nilibonyeza mpira wa mlango, ukavunjika kama ganda la karanga. Matairi yalikuwa na nyufa ingawa hayajalika. Chini ya injini mafuta yalikuwa yamevuja mpaka yakaganda. Niliuliza spea zinapatikana wapi. Mdogo wangu akasema zinaagizwa nje. Fundi je? Yupo mmoja, Dar es Salaam. Na lile korongo la kuingilia nyumbani kwake Hombolo, litavukwaje na tumbo lililo chini namna hii? Akasema korongo litafukiwa.

Kisha akaniomba nifanye sala.

Kwetu gari haliingii barabarani kabla wazee hawajaliwekea mikono na kuliombea. Lakini sala hiyo hufuata baada ya kununua, na mtaa mzima unajua kwamba chombo kilichoombewa kina mwenyewe. Mnunuzi harudi nyuma, na muuzaji hampi mwingine. Mdogo wangu alilijua hilo vizuri. Alitaka amina yangu imfungie mlango, ili mkewe akiuliza ajibiwe kwamba Mungu ameshaliridhia.

"Mkono wangu siuweki hapo," nilimwambia.

"Kaka, ni sala tu."

"Kama ni sala tu, mbona unaiharakisha?"

Mkono nikauweka begani mwake, nikamwombea yeye na mkewe, nikamwombea mama wa nyumba, nikashukuru kwa maisha ya marehemu. Ilikuwa sala fupi. Bandani hapakuwa na upepo na magoti yaliniuma.

Tulipofumbua macho, mama alikuwa anafuta kioo cha gari kwa upindo wa khanga.

"Wote wanaokuja wananiuliza kilomita," alisema. "Hakuna anayeniuliza kwa nini ni chache."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mdogo wangu aliuliza. Mama akasema mumewe alikuwa analiogopa. Kila safari iliishia kwa fundi, na kila fundi alitaka kifaa kisichopatikana. Mwisho akawa halitoi. Jumapili baada ya ibada alilifuta, akakaa ndani mlango ukiwa wazi.

"Chakula nilikuwa namletea humo humo," alisema. "Mimi nakula mezani peke yangu."

Mdogo wangu aliomba akae ndani kidogo. Alikaa na mikono kwenye usukani, magoti yakigusa dashibodi, akitazama ukuta wa banda ulio mbele yake. Sikumharakisha. Mama naye alikuwa ameshazoea kumngoja mtu pale.

Alipotoka alilivuta turubai mwenyewe, akafunga kamba kila pembe, akamshukuru mama kwa mikono miwili.

Njia nzima ya kurudi hakutaja kilomita. Tulipokaribia kwangu aliuliza kama pikapu inaweza kufika Hombolo Jumamosi, kwa sababu mkewe ana nguzo za mizabibu zilizooza na amekuwa akimwambia tangu kiangazi kianze.

Nikamjibu itafika, Mungu akipenda, ila aje na maji ya kutosha ya rejeta.